Kurudi, kurudishwa na ritani: neno moja la Kiingereza linavyotusumbua mpakani

MANENO ya Kiingereza yanayovuka nasi kila siku pale Manyovu na Mugina ni mengi, na mengi hayana madhara. Kondakta akisema basi ni "fulu", hakuna anayehitaji kamusi. Lakini lipo neno moja ambalo kwa miaka mingi nimeliona likiwatoa watu pesa mfukoni na wengine likiwanyima usingizi. Neno lenyewe ni "return".

Nafundisha Kiingereza huku Mabanda, kusini mwa Burundi. Nikiwauliza wanafunzi maana yake hujibu kwa pamoja, "kurudi". Hawakosei. Tiketi ya "return" ni ya kwenda na kurudi, ile ambayo wenzetu waliosoma Kifaransa huiita "aller-retour". Kiingereza kililipata neno hili kutoka Kifaransa cha kale, na mzizi wake ni kugeuka. Tatizo ni kwamba Waingereza wakishalipata neno hawaliachi lipumzike.

Jamaa yangu mmoja alibaki Tanzania akachukua uraia, akafungua duka la vitenge na kujisajili kama mlipa kodi. Biashara ikalala, akafunga duka kwa miezi kadhaa. Akaletewa barua ya Kiingereza ikimkumbusha kuhusu "return" yake. Akajisemea: sijauza kitu, sijalipa kitu, basi hakuna cha kunirudishia. Akanyamaza. Barua ya pili ilikuja na faini, ndipo akanipigia simu kuuliza ni kitu gani alichotakiwa kurudisha.

Ndugu msomaji, jamaa huyu si mjinga. Neno ndilo lenye historia ndefu. Zamani mfalme wa Uingereza alipotuma amri ya maandishi kwa ofisa wake wa wilaya, ofisa alitakiwa kuirudisha mahakamani ikiwa imeandikwa alivyoitekeleza. Taratibu ile taarifa yenyewe ikaitwa "return". Ndiyo maana msimamizi wa uchaguzi kwa Kiingereza ni "returning officer", ingawa harudishi mtu wala kitu. Kazi yake ya asili ilikuwa kupeleka taarifa ya nani amechaguliwa. Na ndiyo maana fomu ya kodi ni "tax return". Ni taarifa unayoipeleka wewe. Pesa za kodi unazorudishiwa zina neno lake jingine kabisa, "refund".

Upande wa Tanzania wamelipokea neno hilo kwa Kiswahili kama ritani, na ritani ya VAT huwasilishwa kabla au ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mwenye kusajiliwa ambaye hakuuza kitu bado anapeleka, akiandika sifuri. Kenya nako ni vivyo hivyo: mtu aliyesajiliwa na hakupata kipato anatakiwa kuwasilisha ritani tupu kila mwaka ifikapo Juni 30, na akichelewa adhabu kwa mtu binafsi inaanzia shilingi 2,000. Wafanyabiashara wa Bujumbura wanaotumia Kifaransa wameepuka mtego huu, maana kwao fomu hiyo ni "déclaration", yaani tamko. Kwa hili moja nakiri Kifaransa kimewatendea haki zaidi.

Wenye kuagiza mizigo kupitia bandari ya Dar es Salaam wanalijua neno hili kwa uchungu wao. Kontena likishashushwa, lazima lirudi tupu kwa mwenye meli ndani ya siku walizokubaliana. Kila siku ya ziada inahesabiwa kwa dola. Halafu benki nao wakisema "returns" wanamaanisha faida ya mtaji. Neno moja linakutoza huku, linakuahidi kule.

Kiswahili chetu hakina haki ya kucheka sana. Muuza kitambaa akikwambia hakirudi, anamaanisha kukifua hakutakifanya kipungue. Mzazi akisema atamrudi mwanawe, kaa mbali, fimbo iko njiani. Na siku ya marejesho, kina mama wa vikundi vya mikopo wanaijua bila kuangalia kalenda.

Lakini Kiswahili kina jambo moja ambalo Kiingereza hakina hapa. Kinatenganisha kurudi na kurudishwa. Mtu wa Kiingereza akiandika "the return of refugees", hujui kama watu walifunga mizigo yao wenyewe au walifungiwa. Hata sisi tunaoitwa "returnees", kile kiambishi cha mwishoni ndicho kilichomo katika "employee", yaani aliyeajiriwa. Je, "returnee" amerudi au amerudishwa? Neno halisemi.

Jambo hili si la darasani tu. Ibara ya 33 ya Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 inakataza nchi kumrudisha mkimbizi mahali ambapo maisha au uhuru wake utakuwa hatarini. Katika maandishi ya Kiingereza, baada ya neno "return" waliongeza neno la Kifaransa "refouler", lenye maana ya kumsukuma mtu nyuma. Yaonekana waliona "return" peke yake halina nguvu ya kutosha. Kambi ya Mtabila, Kasulu, ilipofungwa mwishoni mwa 2012, watu zaidi ya 30,000 walivuka kuja Burundi. Ripoti zimeandika "return". Waulize waliokuwamo kama walirudi au walirudishwa, uone watakavyokujibu.

Mimi nilizaliwa makazi ya Ulyankulu, Tabora, mwaka 1981. Msingi nilisoma kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza, zote huko huko. Mwaka 2008, baada ya familia za wakimbizi wa 1972 kuulizwa kama zinataka uraia wa Tanzania au kwenda Burundi, baba yangu alichagua Burundi. Kwenye karatasi zangu iliandikwa kwamba nimerudi. Nilikuwa na umri wa miaka 27, na sijawahi kuiona nchi hii hata siku moja. Kirundi kina neno zuri: guhunga ni kukimbia, guhunguka ni kuutengua ule ukimbizi, kama vile kufunga na kufungua. Neno hilo halidai kwamba uliwahi kuwapo hapa. Linadai tu kwamba ukimbizi umekwisha.

Na hapo ndipo neno linapogusa ardhi. Makubaliano ya Arusha ya Agosti 2000 yalizungumzia wakimbizi kurudi na pia kurudishiwa mali zao, hasa ardhi. Kwa Kiingereza watu huyaita yote mawili "return", kana kwamba la kwanza likitimia na la pili limetimia. Baba alirudi 2008. Shamba lake la michikichi karibu na Nyanza-Lac lilikuwa na wenyewe wengine, waliolilima tangu miaka ya 70 na kuzaa watoto humo. Tuligawana nusu kwa nusu. Wajukuu wa nyumba ile wawili wamo darasani kwangu mwaka huu, na mmoja wao ndiye anayeongoza kwa Kiingereza.