Kinanda Kipi kwa Hela Hii?

Ukimuuliza muuzaji tofauti ya vinanda viwili vilivyo kaunta, mara nyingi atageuza boksi na kukusomea namba. Hiki kina sauti 401 na staili 143. Kile kina sauti 400 na staili 77. Kwa hesabu hiyo cha kwanza kimeshinda, mteja anatoa hela, biashara imekwisha.

Namba hizo si za kubuni. Cha kwanza ni Yamaha PSR-E273 cha mwaka 2020, cha pili ni Casio CT-S300 cha mwaka 2019. Vyote viwili vina vitufe 61, yaani oktavu tano. Vyote vinakubali adapta au betri sita ndogo za AA, vina spika zake, tundu la pedali na uwezo wa kupandisha au kushusha kii. Vyote vilitengenezwa kwa mtu anayeanza na asiye na hela za kuchezea. Ndiyo maana kwaya changa, mzazi wa mtoto anayejifunza na kijana anayetunga biti chumbani kwake wanaweza kujikuta wakivipima hivi hivi viwili. Kinachovitenganisha kweli, hata hivyo, hakimo kwenye zile namba kubwa za boksi.

Ni mguso. Kwenye CT-S300, ukibonyeza kitufe taratibu sauti inatoka ndogo. Ukikibonyeza kwa nguvu inatoka kubwa. Kwenye PSR-E273, ubonyeze kwa kidole cha mtoto mchanga au uponde kwa ngumi, sauti ni ile ile. Siri iko chini ya kitufe. Kinanda chenye mguso huwa na swichi mbili za mpira wenye kaboni kwa kila kitufe, na moja hugusa bodi kabla ya mwenzake. Kinanda hupima muda unaopita kati ya mguso wa kwanza na wa pili. Muda ukiwa mfupi, kitufe kimeshuka kwa kasi, basi sauti inapigwa kubwa. Ukiwa mrefu, inapigwa ndogo.

Asiyepiga kinanda ataona hilo ni jambo dogo. Lakini mwimbaji anapoanza ubeti kwa kunong'ona, kisha kwaya nzima ikaingia kwenye kiitikio, mpigaji wa kinanda kisicho na mguso hana cha kufanya ila kukimbilia kitufe cha volyumu, na mikono yake yote miwili ina kazi. Kwa mwanafunzi hasara ni kubwa zaidi. Vidole vyake havijawahi kudaiwa chochote, kwa hiyo siku akikaa kwenye piano halisi anagundua kwamba kidole gumba kinapiga kelele na kidole cha mwisho hakisikiki. Kuirekebisha tabia hiyo huchukua muda mrefu kuliko kujifunza upya. Kama anayenunuliwa kinanda ni mwanafunzi, na chaguo ni kati ya hivi viwili tu, mjadala unaishia hapa: Casio.

Ila wanunuzi si wanafunzi peke yao. Yupo mpigaji wa peke yake, yule anayeitwa kwenye sendoff, kwenye mkutano wa injili au kwenye baa ndogo, na huyo anategemea staili. Mkono wake wa kushoto unashika sauti tatu, na kinanda kinamletea ngoma, besi na gitaa, vyote vikifuata mkono huo. Kwake 143 dhidi ya 77 si mzaha. Hata hivyo ahesabu vizuri, maana sehemu kubwa ya staili za kiwandani zilitungwa kwa masoko ya mbali: waltz, polka, kantri, muziki wa dansi za Ulaya. Atakazozitumia kweli Jumamosi kwa Jumamosi ni chache mno. Anayetaka sebene au zouk yenye ladha ya nyumbani huishia kutamani vinanda vya daraja la juu, kama familia ya Yamaha PSR-SX, ambavyo hupokea staili mpya kwa flashi. Wapigaji huuziana na kupeana staili hizo kila siku. PSR-E273 haina hata tundu la USB. Kilichomo ndicho hicho hicho hadi mwisho wa maisha yake.

CT-S300 ina tundu dogo la USB, na kwa anayetunga biti hilo lina thamani kubwa. Ukiunganisha na kompyuta, au na simu kwa waya unaofaa, kinanda kinakuwa mkono wa kuchezea programu ya muziki. Kinachopita humo ni taarifa za vitufe tu: kipi kimebonyezwa, lini, kwa nguvu gani. Sauti yenyewe haipiti. Upande wake wa kushoto kuna pia gurudumu la kupindisha sauti, ambalo anayeiga gitaa la solo au fidla za taarabu hawezi kulikosa. PSR-E273 haina gurudumu hilo.

Wanaovutwa na wingi wa sauti wakumbuke kilichotokea Jamaika. Mwaka 1981 Casio ilitoa kinanda kidogo kiitwacho MT-40, chenye sauti zisizofika hata 30. Ndani yake kulikuwa na mdundo mmoja uliopewa jina la rock, uliotungwa na mwanamke kijana aliyekuwa ndiyo kwanza ameajiriwa, Okuda Hiroko. Mwaka 1985 mwimbaji Wayne Smith na prodyuza King Jammy waliuchukua mdundo huo, wakaupunguza kasi, na ukazaliwa wimbo "Under Mi Sleng Teng", uliousukuma muziki wa reggae na dancehall kuingia zama za kompyuta. Mamia ya nyimbo zimetengenezwa juu ya mdundo huo tangu hapo. Kinanda kilikuwa cha watu wa kawaida, hakikuwa cha studio.

Namba moja ya kiufundi inastahili kutazamwa, nayo mara nyingi imeandikwa kwa herufi ndogo: sauti ngapi zinaweza kulia kwa wakati mmoja. PSR-E273 inaishia 32, CT-S300 inaishia 48. Vidole ni kumi tu, kwa hiyo 32 inaonekana nyingi kupita kiasi. Lakini staili ikiwa inacheza, ngoma, besi na gitaa zote zinakula kutoka kapu hilo hilo; ukikanyaga pedali, kila sauti uliyokwisha kupiga inaendelea kulia na kuhesabiwa. Kapu likijaa, sauti za zamani zinakatwa kimyakimya. Anayeanza hatakutana na tatizo hili mapema. Mpiga tenzi za ibada anayependa kuweka mguu juu ya pedali atakutana nalo.

Sasa waya, jambo ambalo kwaya nyingi hulikumbuka Jumapili asubuhi. Vinanda vyote viwili havina matundu maalumu ya kupeleka sauti kwenye mikisa. Kinachotumika ni tundu la hedifoni. Kwenye Yamaha ni lile kubwa la milimita 6.3, kwenye Casio ni dogo la milimita 3.5. Ukichomeka tu, spika za kinanda zinanyamaza. Mpigaji asipowekewa monita karibu yake, anapiga bila kujisikia.

Halafu kuna tatizo linalowasumbua hata mafundi mitambo wazoefu. Tundu la hedifoni ni la stirio, lina upande wa kushoto na wa kulia. Fundi akichukua waya wenye jeki za stirio pande zote mbili na kuuchomeka kwenye chaneli moja ya mikisa, mikisa hutoa upande mmoja kutoka kwa mwingine. Kila kilichokuwa sawa pande zote mbili kinafutika. Besi inapotea, piano inabaki hafifu, na kwenye spika kunasikika mwangwi tu kama mtu anaimba ndani ya kisima. Lawama zote zinakiangukia kinanda. Dawa yake ni waya wenye jeki moja ya stirio upande wa kinanda na jeki mbili za mono upande wa mikisa, kila moja na chaneli yake. Ni waya wa bei ndogo, lakini uwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Bajeti hiyo pia inahitaji stendi, pedali na kifuniko cha vumbi. Pedali isiachwe. Bila pedali mwanafunzi wa piano anajifunza nusu ya somo.

Na kama lengo ni piano yenyewe, kwa maana ya mitihani na vitabu vya muziki, ukweli ni kwamba hakuna hata kimoja kati ya viwili hivi kinachofaa kwa muda mrefu. Yamaha P-45 ina vitufe 88 vyenye uzito kama wa piano na sauti kumi tu, haina staili hata moja, na ina kilo zipatazo 11.5. Hakuna atakayeipandisha bodaboda kila Jumapili. CT-S300 ina kilo 3.3 na mpini wa kuishikia. PSR-E273 ina kilo nne. Anayehama hama na kinanda ataujua uzito huo begani.

Kuna njia ya tatu ambayo muuzaji wa vipya hatakuambia: kinanda cha mtumba cha daraja moja juu. Yamaha PSR-E363 ya mwaka 2018, kwa mfano, ina mguso, ina USB, ina sauti 574 na staili 165, na inaweza kuliza sauti 48 kwa pamoja. Ikipatikana kwa bei ya PSR-E273 mpya na ikiwa nzima, inaizidi kwa kila kinachohesabika. Shida iko kwenye hilo neno "nzima".

Kukipima kinanda cha mtumba hakuhitaji utaalamu, kunahitaji kutokuona haya mbele ya muuzaji. Chagua sauti ya piano, anza kitufe cha mwisho kushoto, bonyeza taratibu kimoja baada ya kingine hadi vyote 61 viishe, kisha rudi ukibonyeza kwa nguvu. Kitufe kinachokaa kimya, au kinachopiga kelele hata kikiguswa kidogo, mara nyingi kina kaboni iliyochafuka. Fundi mzuri hufungua, akasafisha au akabadilisha ile mipira, na kinanda kikarudi kazini. Ni sababu ya kupunguziwa bei, si ya kukimbia. Zungusha volyumu usikilize kama inakwaruza. Fungua kifuniko cha betri: unga mweupe au wa kijani maana yake betri zilivujia humo. Mombasa, Tanga au Unguja, ambako hewa ina chumvi, angalia pia kutu kwenye matundu na kwenye skrubu za chini.

Mwisho, adapta. Vinanda vya mtumba huuzwa na adapta yoyote iliyokuwa karibu, na plagi inaweza kuingia vizuri bila kosa lolote kuonekana. Yamaha hizi zinataka volti 12, CT-S300 inataka volti 9.5. Soma maandishi ya nyuma ya kinanda, soma ya kwenye adapta, linganisha volti, linganisha pia ule mchoro mdogo unaoonyesha chanya iko katikati au nje. Visipolingana, usikubali kiwashwe kwa adapta hiyo hata kwa kujaribu. Nunua betri sita za alkalini duka la jirani, kijaribu kwa hizo, na bei ya adapta sahihi ikatwe kwenye bei ya kinanda kabla hela haijatoka mfukoni.