Mutueli ya Afya: Maana ya Kufunikwa



Kwenye kupima watoto tunasikia neno hili: "Mimi nafunikwa na mutueli." Maana yake nini?

Unajua likelemba. Wamama wa soko ya Nyawera wanatoa feza, kila mmoja anapokea kwa zamu yake. Mutueli inafanana nayo, lakini haina zamu. Wote wanatoa, anayesaidiwa ni yule aliyegonjwa. Mwaka ukipita bila ugonjwa kwako, feza yako hairudi. Usiseme imepotea! Imemponyesha mtoto wa jirani. Kesho ya jirani itakuponyesha wewe.

Tumeona wamama waliozalishwa kwa kupasuliwa, wakapona, halafu wakazuiliwa majuma mengi kwa sababu ya deni. Kitanda kikawa jela, na watoto nyumbani wakalala njaa. Tunataka hayo yasikupate.

Shika mambo haya:

1. Andikisha watu wote wa nyumba, si mgonjwa peke yake. Wagonjwa tu wakiingia, kapu litakwisha upesi.

2. Lipa mchango kwa wakati. Mara nyingi mutueli inakungojesha muda mbele ya kuanza kukusaidia. Basi usingoje uchungu wa kuzaa ndipo ujiandikishe.

3. Anzia kwenye santre ya afya unayoandikiwa. Huko watakupa barua ya kwenda hospitali kubwa. Ukipita njia nyingine, unaweza kulipa yote wewe mwenyewe.

4. Kufunikwa si kutibiwa bure. Kwa mfano, mutueli ikilipa 80 juu ya 100, wewe unalipa 20. Kuna dawa na magonjwa ambayo hayamo, uliza mbele.

5. Mtoto akizaliwa, peleka jina lake upesi.

Jambo hili si geni kwetu. Hospitali ya Bwamanda, katika Equateur ya zamani, ilianza mutueli mwaka 1986. Sheria ya inchi juu ya mutueli ilitoka Februari 2017. Tena mwaka 2023 serikali ilianza mpango wa kuzalisha bure, kwanza Kinshasa. Uliza santre yako kama inaufuata. Lakini kumbuka: mpango ule ni wa kuzaa na wa kitoto kichanga. Malaria ya mtoto wa miaka 4 haimo.

Leo ukifika nyumbani, uliza bwana yako: "Karti yetu iko wapi? Inakwisha siku gani?" Msipoiona, ongeeni usiku huu, wakati wote wangali wazima.