Kiunzi kidogo cha tovuti: faida ya kukijenga mwenyewe kabla ya kupakua cha wengine

Desemba 31, 2018, siku moja baada ya uchaguzi mkuu, intaneti ilikatwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, ikarudi baada ya siku karibu 20. Wafanyabiashara walihesabu hasara zao. Kijana anayejifunza kutengeneza tovuti naye alikwama kwa namna yake: amri ya kupakua Laravel au Symfony, ambayo siku nyingine humaliza kazi kwa dakika chache, haikujibu kitu. Na hata pasipo kukatwa kwa mtandao, mega zikiisha, hali ni ileile.

Laravel na Symfony ni zile zinazoitwa fremuweki, yaani viunzi: programu iliyokwisha kuandaliwa ambayo mtengenezaji wa tovuti huisimamisha kwanza, kama nguzo na mbao za nyumba, kisha anajenga kuta zake. Ni kazi ya watu hodari. Shida ni kwamba anayeanza na kiunzi kikubwa anapokea maelfu ya mafaili ambayo hakuandika hata moja, na siku kosa likitokea ndani yake hajui aanzie kusoma wapi. Ndiyo maana baadhi ya walimu wa informatiki huwapa wanafunzi zoezi la zamani: jenga kiunzi chako mwenyewe, kidogo, kwa PHP tupu. Mistari mia mbili au tatu inatosha.

PHP inafaa kwa zoezi hili. Rasmus Lerdorf aliitoa mwaka 1995, baada ya kuandika vifaa vidogo vya kufuatilia watu waliotembelea wasifu wake mtandaoni. Tangu toleo la 5.4, la mwaka 2012, ina seva yake ndogo ndani: unaandika php -S localhost:8000, na kompyuta isiyo na intaneti inaanza kuonyesha kurasa.

Mpango unaofuatwa unaitwa MVC, na ni mkongwe kuliko wavuti wenyewe. Trygve Reenskaug, mtaalamu wa Norway aliyekuwa ametengeneza programu ya kusanifu meli katika miaka ya 1960, aliuandika mwaka 1979 alipokuwa mgeni katika maabara ya Xerox PARC, California. Alitaka mtu aione data ya kompyuta jinsi anavyoifikiria kichwani mwake. Akagawa kazi sehemu tatu: modeli inayoshika data, mwonekano unaoionyesha, na kidhibiti kinachopokea maombi ya mtumiaji.

Mkaaji wa Lubumbashi au Bukavu anaujua mgawanyo huo bila kusoma kitabu. Mzazi anafika ofisi ya komine kutafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Mlangoni sentineli anamuuliza anataka nini, anamwelekeza dirisha lake. Karani wa dirishani anasikiliza, anamtuma mtunza kumbukumbu alete rejista, kisha anachukua fomu iliyochapwa na kuijaza. Karani hapekui rafu, mtunza kumbukumbu hagusi fomu, na fomu haijui rejista iko wapi. Sasa fikiria ofisi ambayo mtu mmoja anafanya yote, na siku akiugua komine inafungwa. (Ofisi za namna hiyo hazihitaji kutajwa.) Tovuti nyingi za PHP za miaka ya mwanzo ziliandikwa hivyo: faili moja linauliza hifadhidata, linapiga hesabu na kuchora ukurasa, vyote vimetwangwa pamoja kama sombe.

Ujenzi unaanzia mlangoni. Maombi yote, iwe /wanafunzi au /malipo/12, yanaelekezwa kwenye faili moja, index.php. Huyo ndiye sentineli. Pembeni yake kuna ruta: orodha inayosema anwani hii iende kwa kidhibiti kile. Anayeandika ruta yake ya kwanza anagundua kwamba ule uchawi wa viunzi vikubwa, pale anwani inapojibu bila kuwepo faili lenye jina hilo, ni kulinganisha maneno tu. Anwani ina 12 mwishoni. Kanuni fupi inaitoa namba hiyo na kuikabidhi kwa kidhibiti. Isipopatikana anwani inayolingana, jibu ni 404, na hiyo 404 nayo lazima mtu aiandike.

Kidhibiti ni darasa la kawaida la PHP, na mwonekano ni faili la HTML lenye nafasi za kujazwa. Hapo kazi inaenda haraka, na hapo pia uzembe unaingia.

Chukua shule inayotaka kuweka malipo ya minervali kwenye tovuti. Mhasibu anaandika jina la mwanafunzi, modeli inalitafuta katika hifadhidata. Kama msimbo unaunganisha jina hilo moja kwa moja na amri ya SQL, mtu mwenye nia mbaya ataandika, badala ya jina, alama ya kunukuu na kipande cha amri, na hifadhidata itatii. Anaweza kusoma malipo ya shule nzima, pengine kuyabadilisha, na mzazi aliyekwisha kutoa faranga zake akaona mtoto anarudishwa nyumbani. Dawa imo ndani ya PHP tangu toleo la 5.1 la mwaka 2005, nayo ni PDO: amri inatayarishwa kwanza ikiwa na nafasi wazi, jina linaletwa baadaye, na hifadhidata hailichukui tena kama amri hata likiwa na alama gani. Upande wa mwonekano, kila neno lililotoka kwa mtumiaji lipitie htmlspecialchars kabla ya kuonyeshwa. La sivyo mtu ataweka jina lenye msimbo wa JavaScript, na msimbo huo utafanya kazi katika kivinjari cha mhasibu.

Kwa sababu hiyo kiunzi cha zoezi kibaki zoezi. Bado hakina kinga dhidi ya fomu za kughushi zinazotumwa kwa jina la mtu aliyekwisha kuingia, wala hakina macho ya maelfu ya watu wanaotafuta makosa. Tovuti yenye pesa za wazazi ndani ijengwe juu ya kilichojaribiwa.

Viunzi vikubwa navyo havikuanza vikubwa. Django, cha lugha ya Python, kilizaliwa mwaka 2003 katika gazeti la Lawrence Journal-World huko Kansas, Marekani, ambako waprogramu walitakiwa kutoa kurasa kwa kasi ya chumba cha habari. Umma ulikipata mwaka 2005. Mwaka huohuo Mfaransa Fabien Potencier alitoa Symfony, na baadaye akaandika masomo yanayomwongoza msomaji kujenga kiunzi chake mwenyewe kutokana na vipande vya Symfony. Laravel ya Taylor Otwell, ya mwaka 2011, imesimama juu ya baadhi ya vipande hivyohivyo. Aliyemaliza zoezi, mega zikirudi, atapakua mojawapo na kufungua folda iitwayo public. Atakuta humo faili moja linalopokea maombi yote, nalo linaitwa index.php.