Anakonda lakini hakohoi? Mkojo unaweza kutoa jibu

Msomaji wangu, kama unaishi Ifakara, au ng'ambo ya mto kuelekea Ulanga, huenda unamjua jirani wa namna hii. Wakati wa kupanda mpunga alikuwa na nguvu zake. Ulipofika wakati wa kuvuna, nguo zinampwaya. Jioni homa, usiku jasho la kulowesha shuka. Kwa kuwa hakohoi, nyumbani wanasema ni malaria sugu, wengine wanasema karogwa. Wiki zinapita.

Kama jirani huyo anaishi na virusi vya Ukimwi (VVU), kukonda huko kutufanye tufikirie kifua kikuu mapema. Jina lenyewe limetupoteza wengi, kwa maana TB haikai kifuani tu. Kinga inaposhuka sana, vimelea husambaa kwenye tezi, ini, figo, hata utando wa ubongo. Mgonjwa akiambiwa atoe makohozi, anatema mate tu. Jibu linarudi kwamba hakuna kitu, naye anazidi kuisha.

Mkojo, kila mtu anao. Vimelea vya TB huachia vipande vya ukuta wao, mchanganyiko wa sukari na mafuta uitwao LAM, ambao hupita kwenye figo na kutoka na mkojo. Mhudumu anadondosha matone machache kwenye kijikaratasi, kisha anasubiri dakika 25 aone kama mstari umejitokeza. Hakuna mashine wala umeme.

Shirika la Afya Duniani lilikikubali kipimo hiki mwaka 2015, likapanua matumizi yake 2019. Utafiti uliochapishwa 2016 uliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 2,500 wenye VVU waliolazwa katika hospitali 10 za Afrika Kusini, Zambia, Zimbabwe na hapa kwetu Mbeya. Waliopimwa kwa njia za kawaida peke yake, 25 katika kila 100 walifariki ndani ya wiki nane. Walioongezewa kipimo cha mkojo, 21. Wanne katika mia. Mimi siwaiti wachache.

Lakini usikimbilie kukidai kwa kila mtu. Kwa asiye na VVU hakisaidii sana. Na kikionyesha hakuna, TB bado inaweza kuwepo: makohozi yapimwe pia kama yanapatikana, picha ya kifua ipigwe. Watafiti wa Ifakara wametumia hata ultrasound kutafuta TB iliyojificha tumboni.

Kwa hiyo ukienda kliniki, beba kadi yako ya CTC. Uzito wako umeandikwa humo kila ulipohudhuria. Muonyeshe daktari unavyoshuka. Mwambie waziwazi: "Napungua, natoka jasho usiku, sikohoi. Naweza kupimwa TB kwa mkojo?" Ikionekana unayo, dawa zake hutolewa bure.