Mafuta yanatokea wapi? Honda ya baba na joenti tatu za bure

Ndugu na dada wahitimu, kuna wale wanaoniona napita Nyawera na ile Honda nyekundu wananiuliza kama haijachoka. Haijachoka. Ni XL 125 ya miaka ya 1980. Baba aliinunua wakati mradi mmoja wa kilimo ulifunga na kuuza vitu vyake, na ilimpeleka Walungu kufundisha hesabu mpaka siku alipostaafu. Sasa mimi njo naiendesha. Lisansi ya ekonomia niko nayo, kazi ya ofisi bado, lakini mara tatu kwa juma napeleka dawa za mifugo Kavumu, na pesa inayotoka humo njo inalipa minervali ya mdogo wangu. Pikipiki ikisimama, na masomo yake yanasimama.

Mwaka jana ilianza kuvuja mafuta. Asubuhi nakuta doa chini yake, kwanza kama kifuniko cha chupa, baadaye kama sahani. Kiatu changu cha kushoto kikawa cheusi. Nikaenda kwa fundi mmoja wa mtaani, akaangalia kidogo tu, akasema ni joenti ya kichwa cha motere. Tukabadilisha. Baada ya siku tatu doa likarudi. Akasema basi ni joenti ya chini ya silinda. Tukabadilisha na hiyo. Likarudi. Mara ya tatu alifungua karteri ya kuume, akaweka joenti mpya na juu yake silikoni mingi kama mtu anayepaka siagi kwa mkate, akaniambia sasa haitatoka hata tone. Pesa ya mara ya tatu ilikuwa ya minervali. Sikumuambia mdogo wangu.

Majuma mawili baadaye, nikitoka Kavumu jioni, nikasikia kichwa cha motere kinagonga: ta-ta-ta-ta, sauti kavu, kama mtu anapiga kijiko kwa sufuria. Nikazima. Hapo akili ilinijia kidogo, juu ningeendelea kilometa tano tu, leo singekuwa na kitu cha kuandika. Nikaisukuma mpaka kwa mzee mmoja aliyefanya kazi ya Honda hizi tangu zilipokuwa mpya. Hakushika ufunguo. Aliniuliza:

— Kijana, mafuta yanatokea wapi?

Nikamuonyesha chini, pale panapodondoka.

— Apana. Pale njo yanaangukia. Nimekuuliza yanatokea wapi.

Sikuwa na jibu, na ule fundi wa kwanza hakuwa nalo vilevile. Tulibadilisha joenti tatu bila mtu kujua hata moja kama ilikuwa mbovu. Sisi tulioandika TFC na memwari tunajua hiyo kosa: kuandika konkluzio mbele ya kukusanya data.

Mzee alianza kwa kutoa mafuta yote. Yalijaza chupa tatu za nusu lita, na mengine yakabaki. Pikipiki hii inaomba kama lita moja hivi. Nilishangaa: inavuja kila siku, na bado imejaa kupita kiasi? Akaniambia nimuonyeshe vile ninavyopima. Nikaiegemeza kwa bekiyi yake ya pembeni kama kawaida, nikachomoa kijiti cha kupimia, nikakipangusa, nikakirudisha. Akacheka. Bekiyi iko kushoto, pikipiki inalala kushoto, na kijiti kiko kuume. Mafuta yote yanakimbia upande mwingine, kijiti kinaonyesha kwamba yamepungua, na wewe unaongeza. Asubuhi kesho unaongeza tena. Kwa Honda za aina hii pikipiki inasimamishwa wima kwenye sakafu iliyo sawa, motere imepata moto kidogo kisha imezimwa dakika chache, na kijiti unakiingiza bila kukizungusha kwenye nyuzi zake. Ukikizungusha kinashuka chini zaidi na kukudanganya upande wa pili.

Halafu akafungua karteri ya kuume. Nyuma yake kuna chujio kidogo cha waya ambacho pampu inavutia mafuta kupitia humo. Lilikuwa limezibwa na minyoo ya silikoni. Ile siagi, ukikaza visi, nusu inatokea nje na unaiona, nusu inaingia ndani na hauione. Inakauka, inakatika, mafuta yanaibeba mpaka kwa chujio. Njo maana kichwa kilikuwa kinagonga: motere imejaa mafuta chini na juu inakufa kwa kiu. Shafti ya kichwani ilikuwa imekwaruzwa kidogo lakini haijaliwa. Mzee alisema siku mbili tena zingetosha. Mimi silikoni siku hizi naiogopa kuliko uvujaji. Kuvuja kunakuonyesha doa, silikoni haikuonyeshe kitu.

Baada ya kusafisha chujio na kuweka mafuta kwa kipimo chake, sasa tukatafuta. Njia yake ni rahisi na kila mmoja wetu anaweza kuifanya nyumbani. Motere ikiwa baridi unaiosha yote kwa petroli ya taa na burashi, kisha sabuni na maji, unaikausha vizuri. (Wengine wanaoshea esansi. Kama karibu kuna mbabula yenye makaa, tafadhali acha.) Ikikauka unainyunyizia poda ya mtoto mchanga kila mahali panapounganika: kichwa, silinda, karteri mbili, pale shafti zinapotokea, na bushoni ya chini. Inakuwa nyeupe kama mtu wa kinyago. Unaendesha dakika tano mpaka kumi, si zaidi, juu upepo unasukuma mafuta nyuma na mvuto unayashusha, na ukichelewa poda yote inalowa. Unasimama, unatafuta alama ya unyevu iliyo juu kuliko zote na mbele kuliko zote. Hiyo njo chanzo. Zingine zote ni njia ambayo mafuta yalipitia.

Usisahau pia kunusa. Pale kushoto kwenye pinyo ndogo ya sheni, grisi ya sheni inarushwa na kupaka karteri, na watu wanafungua motere kwa kosa la sheni. Na kama kijiti kinanuka esansi, karburateri inapitisha usiku na kuteremsha esansi ndani ya motere. Mafuta yanakuwa mepesi, yanapanda, yanavuja popote. Hapo dawa ni kufunga robine kila jioni na kurekebisha karburateri. Joenti haina kosa.

Kwangu poda ililowa mahali pawili: kwenye kifuniko kidogo cha kurekebishia valvu, kule juu, na pale shafti ya pinyo inapotokea kushoto. Mahali pawili palipo mbali hivyo kuharibika pamoja? Mzee hakukubali. Alifuata mrija mmoja wa mpira unaotoka juu ya karteri na kushuka nyuma karibu na gurudumu, akauchomoa, akaupuliza kwa mdomo. Haukupita kitu. Akaacha wazi, tukasafisha, tukapaka poda tena, nikazunguka tena dakika kumi. Juu: pakavu kabisa. Kushoto: unyevu kidogo tu.

Huo mrija ni pua ya motere, na hapa nitakaa kidogo, juu nafikiri hata wamotari wengi hawaujui. Pistoni ikishuka inasukuma hewa iliyo chini yake. Silinda yetu ni santimetrikibu 124, karibu nusu kikombe cha chai. Motere ikizunguka mara 6000 kwa dakika, hiyo nusu kikombe inasukumwa mara 100 kila sekunde. Ongeza gazi kidogo inayopenya kwenye segma, hasa kwa motere iliyozeeka. Hewa hiyo yote inatafuta mlango. Mlango ukiziba, presha inapanda na mafuta yanatokea kwenye joenti iliyo dhaifu kuliko zingine. Unaibadilisha, presha inaenda kwa inayofuata. Ukiongeza na mafuta kupita kipimo, nafasi ya hewa ndani inapungua, presha inazidi. Kwa hiyo nilikuwa nayasukuma mimi mwenyewe kila asubuhi na chupa mkononi. Ndani ya mrija mulikuwa matope ya Kavumu yaliyokauka kama tofali. Tuliutoa kwa waya na maji ya moto, bei yake sifuri.

Pikipiki za Uingereza za zamani, BSA, Norton na Triumph, zilipata jina baya kwa kuvuja. Wenye nazo wanatania kwamba ukikosa mafuta chini yake, ujue hata ndani hamna. Karteri zao zilipasuliwa wima, nusu ya kushoto na nusu ya kuume, kwa hiyo mstari wa kuunganisha unapita mpaka chini kabisa ambako mafuta yanakaa, na kupumua kwao hakukuwa kuzuri. Honda CB750 ya 1969 ilipasuliwa kwa ulalo. Yetu hii ya silinda moja imepasuliwa wima kama zile za Kiingereza na bado inaweza kukaa kavu, mradi ipumue.

Ilibaki joenti spi ya kushoto. Hiyo ilikuwa imechoka kweli, na njo kipande kimoja tu nilichonunua. Ni pete ya mpira yenye mdomo unaobusu shafti, na nyuma ya mdomo kuna spiringi nyembamba. Upande wa spiringi unaangalia ndani, kwa mafuta. Unatoa ya zamani polepole bila kukwaruza chuma. Unafunga nailoni au skochi kwenye meno ya shafti ili yasikate mdomo mpya, unapaka mafuta kidogo, unaisukuma kwa bomba lenye upana wake, sawasawa pande zote. Kwetu shafti ilikuwa na mfereji mdogo ambao mdomo wa zamani ulichimba kwa miaka yote hiyo. Ukiweka mpya ikalie palepale, itavuja. Mzee aliiingiza milimita moja zaidi, mdomo ukakuta chuma laini.

Karteri ya kuume tuliifunga na joenti ya karatasi peke yake, kavu. Kuondoa ile ya zamani alitumia wembe na subira, hakutumia turnevisi, juu aluminiamu ni laini na kila mkwaruzo ni mfereji mpya wa mafuta. Kisha visi zikakazwa kwa msalaba, kidogo kidogo, mizunguko mitatu. Hapa fizikia ya sekondari inasaidia. Visi ndogo ya milimita 6 kwenye aluminiamu inaomba kama kilo 1 kwenye mkono wa mita 1. Ufunguo mfupi ukiushika sentimita 10 kutoka kwa visi, ni kilo 10 za mkono wako, kama kuinua bidoni ya lita kumi. Mtu mwenye nguvu akivuta kwa hasira anang'oa nyuzi, na hapo gharama inakuwa nyingine kabisa. Hata rondela ya shaba ya bushoni hatukununua: aliichoma mpaka ikawa nyekundu, akaitumbukiza kwa maji, ikawa laini tena na ikaziba.

Nilimuuliza mzee anataka ngapi. Alitaja bei iliyo chini ya moja ya zile joenti tatu, halafu akaniambia: «We lisansie, mara ingine uje na jibu la swali langu, nitakupunguzia.»

Minervali ya mdogo wangu nililipa na mwezi mmoja wa kuchelewa, na siku hiyo nikamuelezea pesa ilikuwa imeenda wapi. Pikipiki ina kilometa zaidi ya elfu mbili tangu hapo. Mrija naupuliza kila ninapooshea pikipiki. Kwenye joenti ya chini ya silinda bado kuna unyevu, kama jasho. Mzee alisema nisiufungue kwa ajili ya jasho. Nimechora mstari wa chaki chini yake, na kila Jumamosi naangalia kama umevukwa. Bado.