Akiba ya Filamu Huoza Isipotunzwa

Wahenga walisema akiba haiozi. Laiti wangaliishi hadi zama za kanda za video, huenda wangaliongeza neno. Kanda huota ukungu, DVD huchubuka, na diski iliyorekodiwa dukani hufifia kwa joto na mwanga hata siku moja mashine ikakataa kuisoma. Hapa Adumi, karibu na mpaka wa Kongo, kama ilivyo Arua mjini na Koboko, kabati iliyo chini ya televisheni ndiyo maktaba ya nyumba. Humo mna sinema za Kihindi, za Nigeria na za Hong Kong zilizotafsiriwa na ma-VJ wetu, nazo zimechanganyika na kanda za harusi na za matanga.

Makala haya yakusudia kueleza jinsi mwananchi wa kipato cha kawaida awezavyo kuzikusanya filamu hizo ndani ya kompyuta moja kuukuu, kisha akazitazama kwa televisheni au simu yoyote iliyomo nyumbani pasipo kununua data. Kompyuta ifanyayo kazi hiyo huitwa seva. Mwenye seva ni kama mwenye ghala: mzigo hukaa mahali pamoja, na kila mwenye haja huchukua bila kuupunguza.

SOMO LA WAKALIGA

Huenda msomaji akauliza, ya nini taabu hiyo wakati intaneti imejaa filamu? Jibu lipo papa hapa Uganda. Mwaka 2010, katika mtaa wa Wakaliga jijini Kampala, Nabwana I.G.G. alitengeneza filamu iitwayo Who Killed Captain Alex? kwa gharama isiyofika dola 200. Kompyuta aliyoitumia aliiunda mwenyewe kwa vipuri. Kazi ilipokwisha, alilazimika kuifuta filamu hiyo ili apate nafasi ya kutengeneza nyingine. Kilichosalia ni nakala hafifu ya DVD yenye sauti ya VJ Emmie juu yake. Mamilioni ya watu duniani wamekwisha kuitazama nakala hiyo, lakini ile ya asili hapana atakayeiona tena. Diski moja ya ziada ingaliiokoa.

Sauti ya VJ nayo ni kazi ya sanaa. Hueleza, hutania, na huyapa majina yetu mambo ya ugenini. Ndivyo alivyofanya pia Lufufu kwa Kiswahili huko Dar es Salaam. Kampuni za kigeni zinazouza filamu kwa mtandao huhifadhi sinema yenyewe. Tafsiri iliyorekodiwa kibandani haziijui. Nakala ya mwisho yaweza kuwa ile iliyolala chini ya televisheni yako.

Watu wa West Nile wanayo sababu nyingine ya kulitafakari jambo hili. Mwaka 1980 maelfu kwa maelfu walikimbilia Zaire na Sudan, na mtu akimbiaye hubeba mtoto kabla ya kubeba picha. Mara nyingine bahati husaidia: mwaka 2015, katika ofisi za Shirika la Utangazaji la Uganda, zilipatikana hasi za picha zipatazo 70,000, nyingi zikiwa za miaka ya utawala wa Idi Amin, zikiwa zimelala kabatini. Mwaka 2019 baadhi yake zilionyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda. Lakini bahati haifai kuwa mpango wa nyumba.

VIFAA VINAVYOHITAJIKA

Kanuni ya kwanza ni hii: kompyuta nunua kuukuu, diski nunua mpya. Kompyuta ikifa, nyingine hupatikana. Diski ikifa, hufa na vilivyomo.

Kwa mazingira yetu, laptopu iliyotumika ndiyo bora kuliko kompyuta ya mezani. Haidhuru kioo chake kikiwa kimepasuka au vitufe vimeng'oka, maadamu ubongo wake ni mzima na kumbukumbu yake ya kazi ni gigabaiti 4 au 8. Yafaa iwe na chipu ya Intel ya mwaka 2011 au baadaye, kwa kuwa nyingi kati ya hizo zina sehemu maalumu ya kushughulikia video. Zaidi ya hayo, laptopu ina betri yake, hivyo umeme ukikatika ghafla haizimiki katikati ya kuandika, jambo ambalo huharibu mafaili.

Diski ngumu ya nje yenye terabaiti 2 inatosha kuanzia. Filamu ya saa mbili iliyobanwa vizuri huchukua gigabaiti 1.5 hivi, kwa hiyo diski hiyo hubeba filamu zaidi ya 1,300. Flashi isitumiwe kama ghala. Hiyo ni ya kubebea mzigo, si ya kuulaza.

Kifaa cha tatu ni ruta ya Wi-Fi. Hapa wengi hukosea, wakidhani kwamba pasipo intaneti ruta haina kazi. Ruta huunganisha vyombo vya nyumbani hata kama hakuna intaneti hata chembe. Filamu tuliyoitaja huhitaji chini ya megabiti 2 kwa sekunde, na ruta ya kawaida hupitisha kiasi hicho mara nyingi zaidi.

Kuhusu programu, mfumo wa Linux uitwao Debian hutolewa bure, na juu yake huwekwa Jellyfin, programu ya seva ya filamu iliyoanza mwaka 2018, nayo ni bure. Ipakue mara moja ukiwa mahali penye intaneti, basi. Kisha kila simu au televisheni ya kisasa hufungua orodha ya filamu kama mtu afunguaye kitabu.

UMEME

Umeme wa West Nile una historia yake. Bwawa la Nyagak, lililoanza kazi mwaka 2012, hutoa megawati 3.5 tu, na gridi ya taifa ilifika mkoani mwaka 2024. Hata hivyo nyumba nyingi za vijijini hutegemea sola. Laptopu kuukuu hutumia wati 20 hivi. Ikiwashwa saa tano za jioni, hula wati-saa 100. Betri ya sola ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na hata ukitumia nusu tu ili isichakae mapema, seva haitakuwa mzigo mkubwa. Televisheni yaweza kula zaidi. Mwenye umeme wa waya asikose kifaa cha kuzuia umeme unaopanda ghafla. Wakati wa kiangazi, seva iwekwe juu ya meza penye hewa, mbali na vumbi la sakafu.

KUHAMISHA NA KUANDIKISHA

Filamu za DVD hubanwa kwa programu ya HandBrake. Chagua aina ya H.264 katika faili la MP4, kwa maana karibu kila televisheni na simu huielewa. Chombo kisipoielewa aina ya faili, seva hulazimika kuitafsiri upya papo hapo, na hapo ndipo kompyuta kuukuu hutokwa jasho. Kanda ya VHS huhitaji deki nzima na kifaa kidogo cha kuingizia video katika kompyuta. Kanda ya saa tatu huchukua saa tatu, hakuna njia ya mkato. Tena deki zenyewe zinakwisha: kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuziunda, iliacha mwaka 2016.

Kila faili lipewe jina la filamu na mwaka wake, pamoja na jina la VJ na lugha. Kwa kanda za nyumbani, andika ni harusi ya nani, ilifanyika wapi, na wazee walioketi mbele ni akina nani. Kazi hii ifanywe sasa, wakiwapo wanaowatambua. Picha isiyo na majina, baada ya kizazi kimoja, huwa picha ya wageni.

Hatimaye, nakala ziwe tatu: moja ndani ya seva, ya pili katika diski nyingine, na ya tatu kwa ndugu aishiye mbali, ili moto au mwizi wa Adumi asiifikie ile ya Koboko. Ikumbukwe pia kwamba Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006 humlinda mtunzi. Seva hii ni ya jamaa na sebule yao. Anayetaka kutoza kiingilio au kuuza nakala hana budi kupata idhini ya mwenye kazi.

Mwananchi asingoje kukamilisha vifaa vyote. Aifungue kabati leo, aitafute ile kanda ambayo anajua haina ya pili, na aanze na hiyo.