Namna ya Kuchagua Kitabu cha Kujifunzia Programu Nyumbani

Kompyuta iliyonunuliwa kwa ajili ya hesabu za duka au masomo ya watoto yaweza pia kuwa chombo cha kujifunzia kuandika programu, yaani kuipangia kompyuta amri za kufuata. Kazi hiyo haihitaji intaneti ya kila siku. Inahitaji kompyuta iliyo nzima, muda, na kitabu kinachofaa. Kitabu kisipofaa, fedha ya familia hupotea, na kijana huweza kukata tamaa akidhani kwamba hana uwezo, kumbe kasoro imo kitabuni.

Sababu kubwa ya kasoro hiyo ni kwamba lugha za programu hubadilika. Mfano ulio wazi ni Python, lugha iliyotolewa mwaka 1991 na Guido van Rossum wa Uholanzi, ambayo hutumika sana kuwafundisha wanaoanza. Toleo lake la 3 lilitoka mwaka 2008, na toleo la 2 liliacha kuhudumiwa tarehe 1 Januari, 2020. Hata hivyo, vitabu vya toleo la 2 havikutoweka siku hiyo. Mwanafunzi akinakili mifano yake katika kompyuta yenye toleo la 3, mingi itakataliwa hata kama hakukosea herufi moja.

Kuvitambua ni rahisi. Mnunuzi afungue sura za mwanzo na kutafuta amri ya kuandika maneno kwenye kioo. Akiona print("Habari"), maneno yakiwa ndani ya mabano, kitabu hicho kwa kawaida ni cha toleo la 3. Akiona print "Habari" bila mabano, ni cha toleo la 2, naye akiache.

Umri wa kitabu peke yake si kipimo. Kitabu cha Brian Kernighan na Dennis Ritchie kuhusu lugha ya C kilitoka mwaka 1978, na chapa yake ya pili mwaka 1988, lakini kingali kinaheshimiwa kwa sababu misingi ya lugha hiyo imebadilika kidogo. Hata hivyo, kiliandikwa kwa msomaji aliyekwisha kuonja programu, hivyo anayeanza kabisa ataona kimemwacha njiani.

Kabla ya kulipa, mkazi anashauriwa kuzingatia mambo matatu zaidi. Kwanza, kompyuta aliyonayo: yenye Windows 7, kwa mfano, haipokei Python iliyo juu ya 3.8, na kitabu kinachodai matoleo mapya zaidi kitamsumbua. Pili, mazoezi: kitabu kizuri humpa msomaji kazi ya kufanya mwishoni mwa sura, kwa kuwa programu hujifunzwa kwa mikono, si kwa macho tu. Tatu, lugha: vitabu vingi vya fani hii ni vya Kiingereza. Kijana asome kurasa mbili palepale. Asipoelewa sehemu kubwa, atafute chenye maelezo mepesi zaidi.

Si lazima kila kitabu kinunuliwe. Wapo waandishi walioruhusu kazi zao zisomwe bure kwenye intaneti. Allen Downey aliandika Think Python, ambacho hutumia toleo la 3 kuanzia chapa ya pili ya mwaka 2015. Al Sweigart aliandika Automate the Boring Stuff with Python, kinachofundisha kurahisisha kazi za ofisi kama kupanga mafaili na kujaza majedwali. Marijn Haverbeke aliandika Eloquent JavaScript, kuhusu lugha inayofanya kazi ndani ya kivinjari chochote cha kawaida. Miongozo rasmi ya Python nayo hupakuliwa bure. Kwa bando la siku moja, mkazi aweza kupakua miongozo hiyo, akaihifadhi kwenye flashi na kuisoma nyumbani bila intaneti.

Nakala za wizi ziepukwe. Kazi za waandishi zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na mafaili ya kuokoteza huweza kubeba virusi.

Kwa wanaopendelea kitabu cha karatasi, maktaba za mikoa zilizo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ni mahali pazuri pa kuanzia, na mwalimu wa TEHAMA wa sekondari iliyo karibu aweza kuombwa akitazame kitabu kabla ya kununuliwa. Wazazi na walezi wanahimizwa kuwaruhusu vijana wafanye uchunguzi huu wenyewe. Dakika 10 za kufunua kurasa mbele ya muuzaji zaweza kuokoa miezi ya kuhangaika na kitabu kisichofaa.